Faili Ikidondoshwa Juu ya Programu, Kinachofika Ni Maandishi

Unashika faili kwa kipanya, unaiburuta hadi juu ya aikoni ya programu, unaiachia. Programu inafunguka na kuanza kuishughulikia. Kwa macho ni kama faili imetumbukizwa ndani ya programu, lakini haikusogea hata kidogo. Iko palepale ilipokuwa kwenye diski, na programu haikupewa hata baiti moja ya yaliyomo ndani yake. Ilichopewa ni maandishi tu: njia ya faili, yaani jina lake pamoja na mlolongo wa folda zinazoelekea huko, yamebandikwa nyuma ya jina la programu kana kwamba mtu ameyaandika mwenyewe kwenye terminali.

Jambo hili likishaeleweka, malalamiko mengi ya watu wanaoandika programu ndogondogo za kupokea faili yanapata maelezo. Kwa nini skripti inazikubali faili kumi halafu inagoma zikiwa mia? Kwa nini jina lenye alama ya mkato linavunjika vipande viwili? Kwa nini herufi za Kiarabu zinafika zikiwa alama za kuuliza? Chanzo ni kimoja: orodha ya faili imegeuzwa kuwa mstari mmoja wa maandishi, mstari umepita mikono kadhaa, na kila mkono una sheria zake za kuukatakata.

Nitakaa zaidi kwenye Windows, kwa sababu huko ndiko udondoshaji juu ya aikoni unakotegemea mstari wa amri (yale maandishi yanayoanzisha programu) moja kwa moja, na huko ndiko mitego ilikojaa.

Mstari unavyosukwa

Ukiburuta faili ndani ya Explorer, programu ya Windows ya kuonyesha faili na folda, jambo la kwanza linaloangaliwa ni kama kitu kilicho chini ya kipanya kina uwezo wa kupokea. Jibu limeandikwa kwenye Rejista ya Windows, hazina ya mipangilio ya mfumo. Chini ya aina ya `exefile` kuna ufunguo wa `shellex\DropHandler`, na thamani yake inaelekeza kwenye kipande cha msimbo kinachojua la kufanya na faili zilizodondoshwa. Aina ya `batfile` nayo inao, ndiyo maana faili za .bat (skripti za amri za Windows) hupokea. Kisakinishi cha Python mara nyingi husajili cha kwake kwa faili za .py. Faili za .ps1 za PowerShell hazina, kwa hiyo ukiburuta kitu juu yake hutaona dalili yoyote ya kukaribishwa.

Kikishapatikana, mstari unasukwa hivi:

```
"C:\Zana\punguza.exe" "D:\Kazi\Ripoti ya Mwaka.pdf" D:\Kazi\bajeti.xlsx
```

Uangalie vizuri mstari huo. Njia ya kwanza ina alama za nukuu, ya pili haina. Explorer huweka nukuu pale tu anapoona nafasi ndani ya njia. Kwa programu ya .exe hilo halina madhara. Kwa faili ya .bat, ubahili huo wa nukuu ndio mama wa matatizo, na tutaufikia.

Njia zote huja kamili kuanzia herufi ya diski, kwa hiyo huna haja ya kukisia faili iko folda gani. Kuhusu mpangilio, usitegemee kitu. Ukichagua faili kadhaa na kuziburuta, mara nyingi ile uliyoishika kwa kipanya ndiyo inayotangulia, kisha zinafuata nyingine. Mtu anayeunganisha kurasa za PDF kwa kudondosha hushangaa kuona ukurasa wa saba umekuwa wa kwanza, kumbe ndio alioushika. Kama mpangilio una maana kwenye kazi yako, panga majina mwenyewe ndani ya programu.

Mstari ukishakamilika unapelekwa kwa `CreateProcess`, kazi ya Windows inayoanzisha mchakato mpya, yaani programu inayoendeshwa. Hapa Windows inaachana na ndugu zake. Kwenye Linux na macOS, mchakato huanzishwa kwa `execve`, nayo hupokea orodha: kila hoja (kipande kimoja cha mstari, kama njia ya faili) imekaa peke yake, na kiini cha mfumo hakigusi wala hakikati chochote. Jina lenye nafasi tano na mstari mpya katikati linafika zima. Windows haipokei orodha. Inapokea mstari mmoja mrefu na kuukabidhi kwa programu jinsi ulivyo, kisha kila programu inajikatia yenyewe. Aliyeandika kwa C hukatiwa na maktaba ya lugha kabla `main` haijaanza. Anayetaka kujikatia anaweza kuita `CommandLineToArgvW`. Programu mbili zikipewa mstari uleule zinaweza kuukata tofauti, na zote zikawa zinafuata kanuni zake.

Hoja ya kwanza iko namba ngapi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini limewapotezea wengi jioni nzima. Katika C, Python na Go, nafasi ya sifuri ni ya programu yenyewe, na faili zinaanzia nafasi ya kwanza. Katika C# na Java, orodha inayofika kwenye `Main` imeshaondolewa jina la programu, kwa hiyo faili ya kwanza iko nafasi ya sifuri. Katika Node, kiendeshaji cha JavaScript, nafasi ya sifuri ni Node yenyewe, ya kwanza ni skripti, na faili zinaanzia ya pili. Programu ya Electron (kiunzi cha kujengea programu za kompyuta kwa JavaScript) ina vituko zaidi: wakati wa kuijenga, faili huanzia nafasi ya pili, lakini ikishafungashwa kuwa .exe inaanzia ya kwanza. Ndiyo maana programu inafanya kazi kwa aliyeitengeneza na kugoma kwa aliyeipakua.

Kwa Python, kiunzi kinachotosha kazi nyingi ni hiki:

```python
import sys
from pathlib import Path

def shughulikia(faili):
    print("Nafanyia kazi:", faili)

def kuu():
    hoja = sys.argv[1:]
    if not hoja:
        print("Dondosha faili au folda juu ya aikoni ya programu hii.")
        return
    for h in hoja:
        njia = Path(h)
        try:
            if njia.is_dir():
                for ndani in njia.rglob("*"):
                    if ndani.is_file():
                        shughulikia(ndani)
            elif njia.is_file():
                shughulikia(njia)
            else:
                print("Haipo:", h)
        except OSError as kosa:
            print("Imeshindikana:", h, kosa)

kuu()
if sys.stdin and sys.stdin.isatty():
    input("Bonyeza Enter kufunga...")
```

Kuna mambo matatu humo yanayosahaulika. La kwanza, mtu atabofya aikoni mara mbili bila kudondosha kitu. Orodha itakuwa tupu, na programu inapaswa kumwambia la kufanya, siyo kuanguka. La pili, watu hudondosha folda. Kwa mstari wa amri folda ni njia kama nyingine, hakuna alama ya kuitofautisha, kwa hiyo uamuzi ni wako kuifungua au kuikataa. La tatu, kosa kwenye faili moja lisizizuie zilizobaki. Aliyedondosha faili hamsini hataki kuanza upya kwa sababu ya tatu ilikuwa imefunguliwa na programu nyingine.

Mistari miwili ya mwisho ipo kwa sababu ya dirisha jeusi. Programu ya terminali ikianzishwa na Explorer inafunguliwa dirisha lake, na kazi ikiisha dirisha linafungwa papo hapo pamoja na ujumbe wote wa makosa. Mtumiaji anaona kitu kimemweka machoni, basi. Ile `isatty` inahakikisha programu haisubiri kubonyezwa pale inapolishwa na programu nyingine, mahali ambapo hakuna mtu wa kubonyeza.

Faili za .bat na alama zinazouma

Skripti ya .bat ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kutengeneza kitu cha kudondoshea faili. Mistari minane inatosha:

```
@echo off
:tena
if "%~1"=="" goto mwisho
echo "%~1"
shift
goto tena
:mwisho
pause
```

`%1` ni hoja ya kwanza, `%~1` ni hoja ileile ikiwa imevuliwa nukuu, na `shift` inasogeza foleni nafasi moja ili ya pili iwe ya kwanza. Mazoea ya kuvua nukuu kwa `%~1` kisha kuzivika upya mwenyewe, `"%~1"`, ni mazuri, maana huwezi kujua kama Explorer aliziweka.

Sasa dondosha faili inayoitwa `bei,mpya.txt`. Jina halina nafasi, kwa hiyo Explorer hajaweka nukuu. Lakini `cmd.exe`, programu ya Windows inayoendesha faili za .bat, inapogawa hoja zake haitazami nafasi peke yake: mkato, nukta mkato na alama ya sawasawa navyo ni vitenganishi. Skripti yako itapata hoja mbili, `D:\Kazi\bei` na `mpya.txt`, na hakuna hata moja iliyopo kwenye diski. Badilisha jina liwe `bei, mpya.txt`, lenye nafasi baada ya mkato, na ghafla kila kitu kinakwenda sawa, kwa sababu nafasi imemlazimisha Explorer kuweka nukuu. Mtu asiyejua chanzo atakesha: jina linaloonekana baya zaidi linapita, lililo safi zaidi linakwama.

Alama ya `&` ni hatari kuliko mkato. Kwa `cmd.exe` maana yake ni "amri imeisha, inafuata nyingine". Ukidondosha `D:\Kazi\A&B.txt` juu ya .bat, skripti inaona `D:\Kazi\A` pekee, na ikimaliza kazi, `cmd` inajaribu kuendesha `B.txt` kama amri. Fikiria basi faili iliyopewa jina `picha&calc&.jpg`, jina ambalo Windows inaliruhusu kabisa. Ukiidondosha, kikokotoo kitafunguka. Badala ya kikokotoo, mwenye nia mbaya angeweza kuweka amri nyingine. Jina la faili limegeuka msimbo unaoendeshwa kwenye kompyuta yako, na wala hujaifungua faili yenyewe.

Kuna vizuizi vya kubahatisha. Ukimaliza skripti kwa `exit` tupu badala ya `exit /b`, `cmd` nzima inafungwa kabla ya kufikia amri ya ziada iliyobaki mkiani. Wapo pia wanaosoma mstari mzima wa asili kupitia kigeu cha `cmdcmdline` na kuukata wenyewe. Mbinu hizo zinafanya kazi, ila kwa maoni yangu mtu akifika hapo ameshapita mpaka wa kile .bat inachofaa kufanya. Itumie kwa faili zako mwenyewe ambazo majina unayajua. Kitu cha kuwapa wengine kiwe .exe, au .py kwa wenye Python.

Na usidhani ni tatizo la wanaoanza. Aprili 2024 ilitangazwa kasoro yenye namba CVE-2024-24576 katika maktaba ya msingi ya lugha ya Rust: programu ya Rust iliyokuwa ikiita faili ya .bat kwenye Windows na kuipa hoja kutoka kwa mtumiaji ingeweza kudanganywa iendeshe amri ngeni, kwa sababu sheria za `cmd.exe` za kukata mstari si zile zinazofuatwa na programu nyingine. Ilirekebishwa katika toleo la 1.77.2, na lugha nyingine kadhaa zilikutwa na udhaifu wa namna hiyohiyo.

Mshangao `!` nao una visa vyake: ukiwa umewasha `enabledelayedexpansion` unapotea kwenye majina bila kuaga. Asilimia `%` hutulia hadi pale utakapotumia `call`, kwa sababu `call` hupitia mstari mara ya pili. Orodha inaendelea, lakini wazo limeeleweka.

Kama lengo ni kuitumia .bat kama mlango tu wa kuingilia kwenye skripti ya PowerShell au Python, usizikate hoja kabisa. Zipitishe zilivyo:

```
powershell -File "%~dp0kazi.ps1" %*
```

`%*` ni mkia wote wa hoja kama ulivyofika, mikato na alama za sawasawa vikiwa salama. `&` haiponi hata hapo, kwa sababu imekata mstari kabla skripti haijaanza.

Mkwaju wa nyuma unapomeza nukuu

Katika mstari huo wa juu kuna `%~dp0`, yaani folda ambamo .bat yenyewe imekaa. Inahitajika kwa sababu faili ikidondoshwa huna uhakika wa folda ambayo programu inahesabu kuwa "hapa". Inaweza kuwa folda ya programu, ya faili, au mahali usipotarajia kabisa. Programu inayotafuta `mipangilio.ini` pembeni yake kwa jina tupu itaipata siku moja na kuikosa kesho yake. Kwenye .bat tumia `%~dp0`, kwenye Python `Path(__file__).resolve().parent`, au `sys.executable` kama umeifungasha kuwa .exe. Vivyo hivyo kwa matokeo: amua kama yaandikwe pembeni ya faili iliyodondoshwa au kwingine, na uandike njia kamili.

Ila `%~dp0` huishia na mkwaju wa nyuma (`\`), na hapo kuna mtego maarufu. Sema umeandika hivi:

```
robocopy "%~dp0" E:\Nakala
```

Kinachofika kwa robocopy, programu ya Windows ya kunakili faili, ni `"C:\Zana\" E:\Nakala`. Kwa sheria za kukata hoja za Windows, mkwaju wa nyuma ukitangulia nukuu unaifanya nukuu hiyo kuwa herufi ya kawaida, siyo mwisho wa hoja. Kwa hiyo nukuu haifungi, na hoja zote mbili zinashikana kuwa njia moja isiyokuwepo duniani. Sheria kamili ni kwamba mikwaju ikiwa shufwa mbele ya nukuu inagawanywa kwa mbili na nukuu inafanya kazi yake. Ikiwa witiri, ule wa ziada unaigeuza nukuu kuwa maandishi. Mikwaju isiyofuatwa na nukuu haina maana yoyote ya pekee, ndiyo maana njia za kawaida hazisumbui. Dawa fupi ni kuweka nukta: `"%~dp0."` inaelekeza folda ileile bila kuishia na mkwaju.

Jambo jema ni kwamba Windows hairuhusu alama ya nukuu ndani ya jina la faili, kwa hiyo kuvika njia nukuu hakuwezi kuvunjwa na jina lenyewe. Linux haina ulinzi huo. Huko vinavyokatazwa ni mkwaju wa mbele (`/`) na baiti yenye thamani sifuri (NUL) tu, vingine vyote ruksa, hata mstari mpya.

Faili nyingi mno

Mstari wa `CreateProcess` una kikomo cha herufi 32,767, zote zikihesabiwa: jina la programu, nukuu, nafasi na njia. Ukipitia `cmd.exe`, kama ilivyo kwa .bat, kikomo kinashuka hadi 8,191. Chukua njia yenye herufi 80, ongeza nukuu mbili na nafasi moja, unapata 83. Kwa .exe mstari utajaa karibu na faili 394. Kwa .bat, karibu na faili 98. Folda zikiwa na majina marefu idadi inapungua zaidi, na ndiyo sababu skripti ileile inakubali faili 90 za folda moja na kukataa 60 za folda nyingine.

Programu yako haina namna ya kulishughulikia kosa hili, kwa sababu inapotokea programu haijaanza. Unachoweza ni kumpa mtumiaji njia nyingine: adondoshe folda nzima, nayo ni njia moja tu kwenye mstari, au akupe faili ya maandishi yenye orodha ya njia. Linux ina nafasi kubwa zaidi. Tangu kiini cha 2.6.23, hoja pamoja na vigeu vya mazingira vinaruhusiwa kufika robo ya ukubwa wa rafu ya mchakato, na kwa rafu ya kawaida ya megabaiti 8 hiyo ni megabaiti 2.

Tofauti na kikomo hicho ni kile cha njia moja moja: herufi 260, urithi wa zamani ambao Windows 10 toleo la 1607 ililegeza kwa programu zinazotangaza kuwa ziko tayari na kwa kompyuta ambazo mpangilio huo umewashwa.

Herufi zisizo za Kilatini

Ukiandika `int main(int argc, char **argv)` kwa C kwenye Windows, hoja zinageuzwa kwanza kuwa za seti ya herufi ya zamani ya kompyuta husika. Herufi isiyomo inakuwa `?`, na kwa kuwa `?` hairuhusiwi kwenye jina la faili, programu itakuambia faili haipo ilhali unaiona kwa macho. Tumia `wmain` au `GetCommandLineW`. Kuanzia Windows 10 toleo la 1903 programu inaweza pia kutangaza kwamba inataka UTF-8. Python 3 imeshakutatulia hilo.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo halihusu lugha: kumpa `glob`, kazi ya Python ya kutafuta faili kwa ruwaza, jina lililodondoshwa. Faili inayoitwa `ripoti[1].pdf` ipo, lakini `glob.glob` huyasoma mabano ya mraba kuwa "herufi mojawapo kati ya hizi", kwa hiyo inatafuta `ripoti1.pdf`. PowerShell hufanya hivyo pia, na dawa yake ni `-LiteralPath`. Jina lililodondoshwa ni jina halisi, halipaswi kufasiriwa tena.

Dirisha lililo wazi ni habari nyingine

Hadi hapa nimezungumzia aikoni. Kudondosha faili ndani ya dirisha la programu ambayo tayari inaendeshwa hakugusi mstari wa amri hata kidogo. Mchakato upo, hoja zake zilishasomwa, hazibadiliki. Dirisha lenyewe linapaswa kujisajili, ama kwa `DragAcceptFiles` na kusubiri ujumbe wa `WM_DROPFILES`, ama kwa utaratibu mpana zaidi wa OLE wenye `IDropTarget`. Faida yake ni kwamba majina yanafika yakiwa orodha: hakuna nukuu, hakuna kukata mstari. Hasara ni kwamba kama programu inaendeshwa kwa haki za msimamizi, Windows tangu Vista inazuia Explorer wa kawaida kuidondoshea kitu. Ukidondosha juu ya aikoni ya programu hiyohiyo inakubali, kwa sababu huo ni mchakato mpya unaoombewa idhini kwanza.

Programu nzuri hupokea kwa njia zote mbili na kuzielekeza kwenye kazi moja ya ndani. Na kama hutaki madirisha mawili ya programu yako, mchakato wa pili ukianza unatakiwa kutambua kwamba wa kwanza upo, umkabidhi hoja zake, kisha ujifunge. Electron ina `requestSingleInstanceLock` kwa kazi hiyo; wengine hutumia mutex (kufuli inayoshikwa na mchakato mmoja tu) pamoja na bomba lenye jina (njia ya michakato kuwasiliana). Kama hoja zinaweza kuwa njia zisizo kamili, mchakato wa pili ukabidhi na folda yake ya kazi, la sivyo wa kwanza atazitafuta faili mahali pasipo.

Njia ya mkato nayo inapokea. Ukitengeneza njia ya mkato ya programu na kuongeza hoja zako kwenye sehemu ya lengo, kwa mfano `punguza.exe --ubora 80`, faili zitakazodondoshwa juu yake zitafuata baada ya hoja hizo. Iweke kwenye folda inayofunguliwa kwa `shell:sendto` na itaonekana kwenye menyu ya kubofya kulia, na kuburuta hutahitaji tena.

macOS na Linux

Kwenye macOS, anayesubiri faili kwenye `argv` atasubiri sana. Finder, ambayo ni Explorer ya macOS, ikidondoshewa faili juu ya aikoni ya programu haitumii mstari wa amri. Inatuma tukio la Apple la aina ya `odoc`, na programu hulipokea kupitia `application:openFiles:` au `application:openURLs:`. Zaidi ya hapo, aikoni haitakubali kitu mpaka programu iwe imetangaza aina za faili inazozipokea ndani ya `Info.plist`, chini ya `CFBundleDocumentTypes`. PyInstaller na py2app, zana za kufungasha programu za Python, zina chaguo la kuiga `argv`: zinalisubiri tukio mwanzoni na kulimimina kwenye `sys.argv`. Linatosha kwa skripti ndogo.

Kwenye Linux, kinachoamua ni mstari wa `Exec` ndani ya faili ya `.desktop`, inayoutambulisha mfumo kwa programu yako. Ukiandika `%f`, programu inapewa faili moja, na zikiwa nyingi inaanzishwa mara nyingi. `%F` inaleta zote kwa mkupuo. `%u` na `%U` ni hivyohivyo, ila kinachoweza kuja ni anwani, mfano `file:///home/mimi/Ripoti%20ya%20Mwaka.pdf`, na ni juu yako kuirudisha kuwa njia ya kawaida. Usipoandika alama yoyote kati ya hizo, usitegemee kupata kitu. Na usiziweke ndani ya nukuu, kwa sababu kiwango chenyewe kinakataza. Nafasi ndani ya jina hazina shida huko. Programu iliyofungashwa kwa Flatpak (mfumo wa Linux unaoitenga programu na faili nyingine) inaweza kupewa njia inayoanza na `/run/user/1000/doc/`, ambayo ni dirisha dogo la kuifikia faili, siyo mahali ilipo kweli. Ukiihifadhi kwenye orodha ya "faili za karibuni" na kumwonyesha mtumiaji, hataitambua.

Kabla ya kuikabidhi programu yako kwa mtu, tengeneza folda ya majaribio yenye majina haya: `Ripoti ya Mwaka.pdf`, `bei,mpya.txt`, `A&B.txt`, `100%.txt`, `haya!.txt`, `ripoti[1].pdf`, jina moja la herufi za Kiarabu, folda moja tupu, na faili mia tano ndogo. Andika toleo la programu linalochapisha kila hoja mstari wake ikiwa ndani ya mabano ya mraba, ili nafasi zilizojificha mwishoni zionekane. Dondosha moja moja, kisha mbili mbili, kisha zote.